Nilitoa mate yangu kwa utafiti wa uchovu sugu, matokeo yametoka na mi simo. Nieleweshwe jamani

Mwana_Pangani

Wadau habari zenu. Mnivumilie naandika vipande vipande, hii nimeianza jana asubuhi, mkiona sentensi imepotea njia jueni ni ubongo sio shule.

Mi ni mtu wa Tanga, Uingereza nina mwaka wa kumi na moja. Nilikuwa nafanya kazi nyumba ya kulea wazee, zamu za usiku, mtu wa kugeuza mzee wa kilo tisini kitandani halafu asubuhi narudi napika, nafua, napeleka watoto shule, nalala masaa manne naenda tena. Novemba 2018 nikashikwa na homa, koo halimezi hata mate, tezi za shingo zimevimba kama mayai ya njiwa. Wakapima damu wakasema ni virusi vya Epstein-Barr, wiki tatu utakuwa poa. Hizo wiki tatu mpaka leo hazijaisha.

Sasa watu wakisikia "uchovu sugu" wanasema ah hata mi nachoka. Sio hivyo. Kuoga nakaa kwenye kigoda cha plastiki, nikimaliza kuosha nywele mikono inatetemeka, najilaza na taulo kichwani saa nzima ndo nivae. Na ubaya wake hauji siku hiyohiyo, hapo ndo watu hawanielewi kabisa. Leo nimemenya viazi, nimecheka na wanangu, niko vizuri. Kesho sio mbaya. Keshokutwa naamka kama nilipigwa marungu usiku, mwanga wa dirishani unachoma, neno "kijiko" limenitoka nasema nipe kile cha kukorogea. Nyumbani nikiwaelezea nawaambia ni LUKU ya uniti mbili kwa siku, ukiwasha pasi zimekwisha, na ukilazimisha wanakata na za wiki ijayo.

2019 nikapelekwa kliniki, kuna dada mpole sana akanipa karatasi yenye visanduku, wiki hii tembea dakika tano, wiki ijayo saba, kisha kumi, eti mwili umezoea kulala na kichwa kinaogopa kujisogeza. Nikafuata kama dozi ya malaria, sikuruka hata siku moja. Wiki ya tisa ngazi za nyumbani nilipanda kwa makalio, kidato kimoja kimoja, mwanangu mdogo akidhani ni mchezo naye akanifuata nyuma anapanda hivyohivyo. Sijawahi kurudi pale nilipokuwa kabla ya ile karatasi. Oktoba 2021 muongozo wa NICE, hao wanaowaandikia madaktari wa huku namna ya kutibu, ukabadilishwa, mazoezi ya kupandisha vile yakaondolewa. Hakuna aliyepiga simu kuniambia samahani dada.

Sasa swali. 2023 nilijiunga na DecodeME, ule utafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Kikaja kiboksi kwa posta, kichupa unatema mate mpaka mstari, mdomo mkavu ilinichukua karibu nusu saa, nikarudisha. Agosti 2025 matokeo ya kwanza yakatoka, wagonjwa 15,579 wakilinganishwa na watu 259,909, wamepata maeneo manane kwenye DNA. Nililia kwa furaha wallahi. Halafu nikasoma taratibu, nikakuta waliochambuliwa hapo wote ni wenye asili ya Ulaya. Yaani mate yangu mi mswahili wa Pangani hayamo kwenye hesabu.

Je walinichezea? Na mdogo wangu yuko Dar kaniuliza, dada mapesa yote hayo ya kuchungulia vinasaba ya nini, si wangetafuta dawa tu. Sikuwa na jibu.

---

Mzee_wa_Kisauni

Pole sana mwanangu. Mimi si daktari ila umri umenifunza machache. Ughaibuni baridi, kazi ya usiku, jua hakuna, jirani hakujui jina, sasa mwili utaacha vipi kuchoka? Mwili una haki yake na ukiudhulumu utadai. Ningekuwa babako ningekwambia njoo nyumbani miezi mitatu, upate uji wa mlonge, samaki mbichi, jua la asubuhi, usomewe, utaona mabadiliko in shaa Allah. Hayo mambo ya mate kwenye chupa ni biashara za watu. Kuchoka hakuna maabara ya kukupimia.

---

Wambo_254

Mzee na heshima zote, hiyo "kuchoka hakuna maabara" ndio ile line ilimaliza hawa wagonjwa miaka hamsini. Wacha niseme kitu juu mi nina bro yangu tangu Covid ya 2021 hajawahi kuwa sawa, nikaanza kusoma hii kitu usiku na mchana mpaka bibi akaniuliza kama nimerudi shule.

1955 London, Royal Free Hospital, wafanyakazi wa hospitali yenyewe, manesi na madaktari, waliugua mpaka hospitali ikafungwa kuanzia Julai hadi Oktoba. Watu karibu 300. Daktari wao Melvin Ramsay aliwaona kwa macho, akawafuatilia miaka. Sasa 1970 wakatokea madaktari wawili wa akili, McEvedy na Beard, hawakupima mgonjwa hata mmoja, walisoma mafaili tu, wakaandika hiyo ilikuwa histeria. Na moja ya sababu zao ni ati wagonjwa wengi walikuwa wanawake. Nimesoma hapo mara tatu nikidhani sijaelewa Kiingereza.

WHO walikuwa washaiweka kwa magonjwa ya neva 1969. Lakini pesa hazikufuata huko, pesa zilifuata ile story ya histeria. Unajua ile karatasi yako ya visanduku dada ilitoka wapi? Ilikuwa kwa muongozo wa 2007, halafu ikapigwa jeki na utafiti mmoja mkubwa unaitwa PACE, watu 641, karibu pauni milioni 5, na wizara ya kazi na pensheni, hao wa kulipa watu wasioweza kufanya kazi, ilitoa sehemu ya hizo pesa. Matokeo yakatoka kwa jarida la madaktari la Lancet 2011, magazeti yote ati mazoezi na kubadili fikra vinaponya.

Sasa skiza hapa. Kuna fomu ya kujipima uwezo wa mwili, 0 mpaka 100. Kuingia kwa utafiti lazima uwe 65 kushuka, yaani wewe ni mgonjwa. Baadaye wakabadilisha kigezo cha kupona, hiyo namba ikawa 60. Unaingia na 65 mgonjwa, unatoka na 60 umezidi kuwa mbaya, kwa hicho kipengele umepita mtihani. Hata chama cha kule kijijini kikipiga hesabu za maziwa hivyo watu watabeba viti.

Mgonjwa mmoja wa Australia, Alem Matthees, akaomba data. Chuo chenye kilifanya huo utafiti, Queen Mary ya London, kikakataa. Kesi ikaenda mpaka 2016 baraza la rufaa likaamuru zitolewe. Wengine wakapiga hesabu upya kwa kigezo kile cha kwanza kabisa. Waliosemwa wamepona 22% ikawa 7 kwa wale wa kubadili fikra na 4 kwa wale wa mazoezi, na ukilinganisha na waliopata daktari wa kawaida tu hakuna tofauti ya maana.

So ukiniuliza mdogo wako ajibiwe nini, mwambie dawa inatafutwa na mtu anayejua kitu gani imeharibika. Miaka yote hiyo walikuwa wanatengeneza kichwa ya dereva na gari ndio ina shida.

---

Kweli_Chungu

Mi nashangaa mnavyowaamini hao hao. 2009 si walitangaza ni virusi vinaitwa XMRV, wagonjwa wakakimbilia dawa za Ukimwi wengine, 2011 jarida lenyewe la Science likafuta makala, kumbe ni uchafu wa panya wa maabara uliingia kwenye sampuli. Leo DNA. Kesho watasema ni mwezi. Na hizo DNA mnazotuma kwa posta mnajua zinauzwa wapi? Dada usirudie.

---

fundi_darubini

Nimefika kazini nimeikuta hii nikasema leo chai itapoa. Mi ni mtu wa maabara, kwetu kwa kuzaliwa Newala, kazi nafanya wilaya nyingine za kusini huku, sio mtafiti, ni wa kuhesabu vimelea kwenye slaidi, ila hili la DNA nalielewa kidogo.

Dada Mwana_Pangani, hawakukuchezea. Utafiti wa namna ile unafanyaje, unachukua herufi za DNA za wagonjwa, unachukua za watu wengine, unatafuta ni herufi ipi inajirudia zaidi upande wa wagonjwa. Sasa watu wa asili tofauti wanatofautiana herufi nyingi sana ambazo hazina uhusiano wowote na ugonjwa. Ukichukua wagonjwa mia mbili wenye asili yetu ukawalinganisha na hao laki mbili na nusu wa Ulaya, utakachokiona ni tofauti ya Pangani na Edinburgh, sio tofauti ya mgonjwa na mzima. Ni kama kulinganisha bei ya nyanya ya shambani na ya Kariakoo halafu useme huyu wa Kariakoo ni mwizi, kumbe katikati kuna lori. Ndo maana kila asili inachambuliwa kivyake, na ili kivyake kiwe na maana unahitaji maelfu, na maelfu hao hawakuwepo.

Lakini sasa hapo usitulie. Hawakukuchezea wewe, ila swali la kwa nini tulikuwa wachache hivyo lipo palepale. Ili ujiunge ulitakiwa uwe tayari umeshaambiwa na daktari una ugonjwa huu. Na nani kati yetu anaambiwa? Huku kwetu mtu akija na uchovu wa miezi minane anapimwa malaria, hasi, anapewa dawa ya malaria. Anarudi, anapimwa Widal, anaambiwa typhoid, sindano. Anarudi tena, vitamini. Mara ya nne haji, anaenda kwa mganga au anakaa ndani, na kwenye daftari letu anaonekana amepona maana hakurudi!! Mi mwenyewe nimewapigia mstari watu kama hao.

Na kuna kitu nataka mkijue, kinaniuma kama mtu wa maabara. Ukipima wagonjwa wenye asili ya Afrika unapata jibu lililochongoka zaidi. Vile vipande vya DNA vinavyorithiwa kwa pamoja kwetu ni vifupi, kwa hiyo ukikuta eneo lina tatizo, eneo lenyewe ni dogo, ni rahisi zaidi kujua ni jeni ipi. Kwa Ulaya vipande ni virefu, unakuta eneo moja lina jeni kibao hujui mwenye kosa nani. Haya maeneo manane wamebaki wanabishana ndani yake jeni ipi hasa. Mate yako yangesaidia hata hao wazungu wenyewe.

Kuhusu mdogo wako. Kwa nini DNA na sio kitu kingine: kwa sababu mgonjwa aliyelala miaka mitano damu yake inabadilika kwa kulala, misuli inabadilika, ukipima ukikuta kitu hujui ni chanzo au ni matokeo ya kitanda. DNA haibadiliki kwa kulala. Ulizaliwa nayo kabla ya hiyo Novemba 2018. Ukikuta tofauti hapo uko upande wa chanzo. Na walichokuta ni jeni zinazogusa kinga ya mwili inavyopambana na maambukizi, na mfumo wa neva, eneo moja linahusiana na maumivu sugu. Na hayakuangukia kwenye yale maeneo yanayojulikana ya sonona na wasiwasi. Hilo la mwisho Mzee wangu wa Kisauni lisome mara mbili.

Kweli_Chungu kuhusu XMRV uko sahihi kabisa, ilikuwa aibu. Ila aliyegundua uchafu wa panya ni nani? Ni maabara nyingine zilizorudia kipimo zikakosa. Miaka miwili tu. Ile karatasi ya visanduku ilikaa kwenye muongozo miaka kumi na nne.

---

Mwana_Pangani

fundi_darubini Mungu akubariki, nimekusoma kwa awamu tatu. Ile ya nyanya nimemtumia mdogo wangu kwa WhatsApp kajibu "sawa sasa nimeelewa, ila nyanya zimepanda kweli".

Mzee wa Kisauni shikamoo. Sikuudhika, mama yangu alisema hayohayo neno kwa neno. Nikarudi 2022, wiki sita. Jua lilikuwepo, mlonge ulikuwepo asubuhi na jioni, samaki changu nilikula mpaka nikachoka nao, dua ilisomwa nyumba ikajaa watu na nikafarijika kweli, sitasema uongo. Siku ya nane nikaona niko vizuri nikaenda sokoni na shangazi, tukazunguka labda saa moja. Siku ya kumi sikuweza kuinua kikombe cha chai kwa mkono mmoja. Mama alikaa pembeni ya kitanda akininywesha uji kwa kijiko, mi na miaka yangu thelathini na tano, feni imezimwa maana ule mlio wake ulikuwa unanichoma kichwani, Tanga Machi bila feni mnajua wenyewe. Tangu siku hiyo hajataja tena stress.

---

mvua_ya_bergen

Naomba nami nichangie, niko Bergen Norwei, mke wangu anaugua tangu 2014, mi ndo mpishi, mfuaji na msemaji wake. Kiswahili changu kimeota kutu mtanisamehe.

Kuna hadithi ya mji huu ambayo mdogo wako Dar lazima aisikie. Hospitali ya Haukeland kuna madaktari wawili wa saratani, Øystein Fluge na Olav Mella, hawakuwa na habari na uchovu sugu hata kidogo. 2004 walikuwa na mgonjwa wa saratani ya tezi za limfu ambaye pia alikuwa na uchovu sugu wa siku nyingi, wakampa dawa za saratani, na yule mtu uchovu ukapungua kwa muda. Daktari mwingine angesema bahati. Hawa wakajiuliza. Wakaja na dawa inaitwa rituximab, inaua seli B za kinga, 2011 wakajaribu kwa watu 30, nusu wakapewa maji matupu, na waliopata dawa wengi wakapata nafuu. Hapa mjini ilikuwa kama timu imechukua kombe. Watu wanapiga simu, wengine wanataka kuuza gari waende kuinunua nje. Mke wangu naye, tulishaanza kupiga hesabu ya gari letu.

Wao wakasema subirini tufanye kubwa. Watu 151, hospitali kadhaa, hakuna anayejua nani kapewa nini. 2019 matokeo yakachapishwa: waliopata dawa walioona nafuu 26%, waliopata maji 35%. Maji yalishinda. Ile jioni mke wangu alizima simu akageukia ukuta, sikumgusa, nilikaa jikoni.

Lakini nataka msione hapo kama Kweli_Chungu anavyoona. Hao wawili walitoka wakatangaza wenyewe kwamba dawa yao haifanyi kazi. Halafu hawakuondoka. Wakajiuliza labda seli tunazoua siyo zenyewe, kuna nyingine zilizokomaa, ndizo kiwanda cha kingamwili, na rituximab haizigusi. Wakachukua dawa nyingine, daratumumab, 2025 wametoa matokeo ya wanawake 10, sita walipata nafuu kubwa. Kumi tu! Na bila kundi la maji. Safari hii mke wangu kasoma akasema "haya" akaendelea kusuka soksi. Tumejifunza. Sasa kuna jaribio kubwa zaidi, lenye kundi la maji, tunasubiri.

Kwa hiyo "watafute dawa tu", ndivyo inavyotafutwa, na inachukua miaka kumi na zaidi kwa watu wawili wakaidi. Shida ni kwamba watu wa namna hiyo duniani unawahesabu kwa vidole. Marekani taasisi yao ya afya ilikuwa inatenga kama dola milioni 15 hivi kwa mwaka kwa ugonjwa huu, wakati ripoti ya 2015 ya hukohuko Marekani ilikadiria wagonjwa kati ya 836,000 na milioni 2.5. Gawanya mwenyewe. Hata kwa ile hesabu ndogo haifiki dola 20 kwa mgonjwa. Chakula cha mchana.

---

Wambo_254

Hiyo ya kugawanya imeniumiza. Na usisahau baada ya Covid bunge la Marekani, Congress, walitoa zaidi ya dola bilioni moja mara moja kwa Covid ya muda mrefu, so pesa hazikosekani, ni venye watu wengi waliugua wakati mmoja na wengine walikuwa wenyewe. Bro yangu daktari mmoja aliandika "anxiety" kwa kadi. Amewahi kuwa mchezaji wa rugby huyo mtu. Sasa anapumzika akivaa soksi, mguu mmoja, anapumzika, mguu wa pili.

Lakini fundi swali, huku kwetu nani atafanya huo utafiti? Si tuseme ukweli, malaria bado, TB bado, nani atatoa pesa kwa watu wamechoka?

---

fundi_darubini

Wambo hapo ndo penyewe, na jibu langu ni kwamba utafiti wetu hauhitaji kuanza na uchovu, uanze na mlipuko.

Sikiliza. 2006 Australia, mji mdogo unaitwa Dubbo, walitoa matokeo ya watu 253 waliowafuata tangu siku wanaugua. Wengine Epstein-Barr kama dada yetu, wengine homa ya Q ambayo ni bakteria, wengine virusi vya Ross River. Vitu vitatu havifanani hata kidogo. Baada ya miezi sita kama 12% wakawa na uchovu uleule, wote kundi moja, haijalishi ulianzwa na kipi. Na kilichotabiri nani atabaki mgonjwa ni ukali wa ile homa ya mwanzo. Sio historia ya akili yake, walipima na hiyo.

Sasa hao Ross River ni ukoo mmoja na chikungunya, ile homa ya mbu. Na chikungunya kwao wapi? Kwetu! Uwanda wa Makonde, mlipuko wa 1952 na 53, jina lenyewe ni Kimakonde, kitu kinachokukunja. Bibi yangu alikuwa anaonesha jinsi watu walivyotembea, mkono kiunoni mwingine gotini. Dunia nzima wanatamka neno la bibi yangu, na sisi wenye neno, chik ikipita tunahesabu waliougua, tunapuliza dawa ya mbu, tunafunga faili. Sijawahi kuona mtu amerudi kijijini baada ya miezi sita akagonga hodi, mama ulipona? Unafua mwenyewe? Siku mbili baada ya kufua unakuwaje? Hayo maswali matatu hayahitaji mashine ya mabilioni, yanahitaji pikipiki na daftari na damu kidogo iliyohifadhiwa kwenye friza tangu siku ya kwanza. Hiyo damu ya siku ya kwanza ndo dhahabu, maana Ulaya wanapata mgonjwa ambaye ameshaugua miaka sita.

Na msidhani Afrika haupo ugonjwa huu. Nigeria walishapita nyumba kwa nyumba, matokeo yalichapishwa 2007, Njoku na wenzake pamoja na Leonard Jason wa Chicago, wakapata kama watu 7 katika kila 1,000. Waliugua bila jina tu.

Ila tahadhari kwa wanaosoma kimyakimya na kujitambua: usijipe jina hili kabla ya kupimwa damu, tezi ya koo, sukari, figo, ini, TB, HIV. Hayo mengi yana dawa, usiyaache yakuue ukisubiri Edinburgh.

---

Kweli_Chungu

Sawa fundi, hiyo ya damu ya siku ya kwanza imeniingia. Bado DNA yangu siwapi.

---

Mwana_Pangani

Hulazimishwi ndugu yangu 😂 mi wakiniomba tena natema, ila safari hii nitauliza kwanza mko wangapi wa asili yangu na mnawatafutia wapi, maana kwenye kanisa na msikiti wa mtaani kwangu sijaona hata tangazo moja. Naacha hapa, saa ya mkononi inasema mapigo 118 na nimekaa tu kitandani.

---

Mzee_wa_Kisauni

Marahaba binti yangu. Nimesoma yote tangu juu, niwie radhi kwa maneno yangu ya kwanza.

Wewe fundi nataka kukuuliza kitu. Bi mkubwa wangu alishikwa na chikungunya hapa Mombasa mwanzo wa 2018, ule wakati mtaa mzima wachechemea. Viungo vilipoa baada ya miezi. Lakini yeye hakurudi kuwa yule. Alikuwa akipika mahamri ya kuuza, kanda la unga alilikanda peke yake alfajiri. Sasa akikanda siku moja, siku ya pili yake na ya tatu huwa hata salamu haitikii, ajifunika shuka uso. Nami nikimwambia wewe Bi mkubwa umekuwa mvivu, utu uzima huo. Tumepima sukari na presha, hana.

---

fundi_darubini

Mzee shikamoo. Tezi ya koo na wingi wa damu alipimwa? Na hebu tuanze na hili moja, ile siku anayokanda yenyewe anakuwa vizuri mpaka jioni, halafu ndo inamwangusha baadaye? Na usingizi, akiamka anaamka amepumzika au kama hakulala? Muulize yeye mwenyewe mzee wangu, usinijibu kwa niaba.

---

Mzee_wa_Kisauni

Ngoja nimuulize. Sasa hivi amelala, jana alikanda.